Muulize alikuwa amesimama wapi

Baba yangu mdogo alikwenda vitani mwaka 1978 bila bunduki wala sare. Alikuwa utingo. Fiati aliyokuwa akiifanyia kazi, mali ya mfanyabiashara mmoja wa Mwanza, ilichukuliwa na serikali pamoja na dereva wake, kama yalivyochukuliwa malori na mabasi mengi ya raia mwaka ule. Na yeye akaambiwa apande, maana lori bila utingo haliendi mbali. Alikuwa kijana wa miaka 19. Alirudi mwaka uliofuata, na tangu nipate akili namsikia akiisimulia vita ile kwa yeyote anayekaa kitako: mgeni, fundi, muuza vocha.

Mimi ni mhasibu, si mwanahistoria. Lakini napenda kusoma historia, hasa ya vita, na ninachotaka kusema leo ni kitu kimoja tu kuhusu usomaji huo. Ushuhuda wa mtu aliyekuwepo ni mwembamba mno, na wembamba wake ndio faida yake.

Vita vya Kagera nilisomeshwa kwa nusu ukurasa. Sababu, mwenendo, matokeo. Mwanafunzi yeyote wa Tanzania anaujua mpangilio huo hata akiamshwa usiku. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kulikalia eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera. Iddi Amini akatangaza kwamba mpaka wake sasa ni mto. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akalihutubia taifa: sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Kesho yake Waganda wakalivunja daraja la Kyaka. Januari jeshi letu likaichukua Mutukula, Februari Masaka, tarehe 11 Aprili 1979 Kampala. Matokeo: uchumi ukayumba, tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18. Tukakariri, tukajibu, tukapata alama zetu.

Siidharau ile nusu ukurasa hata kidogo. Bila tarehe zake nisingejua pa kuwaweka watu wangu. Ila ilinifanya nidhani kwamba vita ni mishale ya rangi nyekundu inayotembea kwenye ramani kutoka kusini kwenda kaskazini.

Sasa msikilize utingo. Kwake vita inaanza na barabara ya Geita kwenda Biharamulo, mvua za vuli, na kazi ya kuruka chini na gogo kila lori linapoanza kurudi nyuma mlimani. Vilima vyote anavijua. Hajui brigedi ipi ilikuwa wapi, lakini anajua kwamba gunia la unga unalibeba peke yako mgongoni, wakati sanduku la mabomu ya mota linataka watu wawili na wa tatu wa kuwatukana. Anajua kwamba askari waliokuwa wakienda mbele kwa miguu (na wengi walitembea, kutoka Kagera hadi Kampala na zaidi) waliwaomba watingo vitu viwili: chumvi, na nafasi ya kukaa juu ya mzigo hata kwa dakika chache.

Kuna kitu alinieleza ambacho sijakikuta katika kitabu chochote. Ukishavuka Kyaka, kwenye lile daraja la vipande vya chuma ambalo jeshi liliunga baada ya la zamani kuvunjwa, taa za gari haziwashwi usiku. Dereva haoni kitu. Basi utingo anashuka, anavua shati, anabaki na singlendi nyeupe, anatembea mbele ya lori katikati ya barabara, na dereva anaifuata ile singlendi. Utingo akizama matope mpaka magotini, dereva anajua hapo si pa kupita. Akitumbukia shimoni, dereva anakanyaga breki na kumcheka.

"Mimi ndiye niliyekuwa taa," baba mdogo huwa anasema. "Na hiyo singlendi haikuwa nyeupe tena kufika Desemba, ndiyo maana tulianza kugonga miti."

Jeshi la watu zaidi ya 150,000, wakihesabiwa na mgambo, lililishwa na kupewa risasi kwa mwendo huo. Nimesoma takwimu hiyo mara nyingi, lakini sikuwahi kujiuliza mzigo ulifikaje mpaka aliyekuwa akitembea mbele yake aliponiambia.

Lakini baba mdogo naye ni mtu wa barazani. Kwa miaka mingi hadithi yake kuu ilikuwa mapigano ya Lukaya, mji wa Uganda ulio kati ya Masaka na Kampala. Anasimama, anaonyesha kwa mikono jinsi Walibya walivyokuja na magari yao mapya kumsaidia Amini, jinsi vijana wetu walivyowangoja kwenye ile barabara inayopita katikati ya kinamasi, jinsi walivyowafyeka. Milio anaitoa kwa mdomo. Watoto wanapiga makofi.

Kazini kwangu mtu akileta dai la fedha siulizi kama ni mkweli au mwongo, nauliza risiti iko wapi. Siku moja, bila nia mbaya, nikamuuliza: "Baba mdogo, wewe wakati huo ulikuwa umesimama wapi?"

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema hakuwa amesimama. Alikuwa amelala chali chini ya Fiati, nyuma ya Lukaya upande wa Masaka, wanafunga springi iliyokatika. Walibya hakuwaona. Alichoona ni miguu. Jua linazama, miguu ya watu inapita upande wa pili wa tairi, buti na ndala na mingine mitupu, yote inaelekea Masaka, kule walikotoka. Mmoja akainama akawaambia waondoe gari barabarani kabla halijageuka kaburi. Ilikuwa ni miguu ya watu wetu.

Kwenye ile nusu ukurasa ya shuleni hakuna aliyerudi nyuma. Kwenye hadithi ya barazani pia hakuna. Baadaye nilipotafuta nilikuta wanahistoria wameandika kwamba jioni ya tarehe 10 Machi 1979 brigedi iliyotangulia Lukaya, yenye mgambo wengi ambao hawakuwahi kuona vita, ilivunjika na kutawanyika chini ya makombora ya Walibya. Kesho yake ndipo brigedi nyingine ilipozunguka na kuwapiga Walibya ubavuni, na mambo yakageuka. Kwa hiyo baba mdogo alikuwa amebeba ushuhuda wa saa moja ngumu kuliko zote kwa jeshi letu katika vita ile, akaufunika miaka yote kwa hadithi ya kusikia, kwa sababu hadithi ya kusikia ilikuwa na makofi. Miguu chini ya gari haina makofi.

Tangu hapo hilo ndilo swali langu la kwanza, iwe nazungumza na mzee au nasoma kumbukumbu za jenerali. Ulikuwa umesimama wapi? Jenerali naye mara nyingi alikuwa hemani na redio ya upepo, kilomita nyingi nyuma, na anachokijua kwa macho yake ni hema. Haimaanishi asisomwe. Ina maana ujue ukurasa upi ni macho yake na upi ni ripoti aliyoletewa.

Upande wa mama yangu kuna shahidi mwingine, marehemu bibi, aliyekuwa akiishi karibu na Bunazi, kaskazini mwa mto, mahali hasa palipokaliwa. Bibi hakujua tarehe. Alisema vita ilikuja wakati wa senene, wale panzi wanaoliwa, basi. Na alisema kweli, maana senene wetu wanashuka Novemba. Aliondoka na mtoto mgongoni, sufuria kichwani na mbuzi mmoja, akavuka daraja la Kyaka kwa miguu na umati wa watu. Nyuma aliacha ng'ombe wawili na mtumbwi mzima wa rubisi uliofunikwa kwa majani ya mgomba, pombe iliyokuwa ya mahari ya binti wa jirani.

Ukimuuliza kuhusu Amini alikuwa na maneno machache. Ukimuuliza kuhusu ile pombe alikuwa na jioni nzima. Aliporudi mwaka uliofuata alikuta mtumbwi umegeuzwa kifudifudi, umetumika kama benchi, na ndani ya nyumba hakuna mlango, hakuna dirisha, hakuna bati. Ng'ombe ndiyo usiseme. Raia wapatao 1,500 wanakadiriwa kuuawa katika eneo lile, na bibi alikuwa na majirani miongoni mwao. Majina yao aliyataja kanisani kila mwaka. Lakini hasira yake ya kila siku, ile aliyoweza kuishika mkononi, ilikuwa ni kwamba watu wasiomjua walikaa kwenye mtumbwi wake na kunywa mahari ya mtu. Nilipokuwa mdogo niliona hilo kama uchache wa mawazo. Sasa naona ndivyo mtu anavyolibeba jambo lisilobebeka, kwa mpini unaotosha mkono wake.

Halafu alikuwa na lile la senene, ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Kwetu senene wakishuka hakuna anayelala. Watoto, wakubwa, hata padri yuko nje na kopo. Bibi alikuwa akilala kwa watu upande wa kusini wa mto, na alisema msimu ule walishuka wengi kupita kiasi, wakajaa kwenye majani na njiani, na wakimbizi wakawa wanawakanyaga wakipita. Hakuna aliyewaokota. Watu waliokuwa na njaa wanapita juu ya chakula wanachokipenda kuliko nyama, kwa sababu kuwakamata senene ni furaha na hakuna aliyejisikia kuwa na haki ya kufurahi. Ripoti gani ya jeshi itaandika hilo?

Bibi anasema alivuka daraja zima, baba mdogo anasema daraja alilikuta limevunjika. Waliwahi kubishana hilo mbele yangu kwenye harusi, kila mmoja akimwona mwenzake anasahau. Tarehe ya kitabuni ndiyo inayowapatanisha. Mmoja alipita kabla ya tarehe 3 Novemba, mwingine baada yake. Ndiyo maana nasema siidharau nusu ukurasa.

Mfano mkubwa kuliko wote tulio nao hapa nchini ni Maji Maji. Kwa miongo kadhaa vita ile ya 1905 hadi 1907 ilijulikana zaidi kwa kalamu ya Wajerumani. Gavana mwenyewe, Götzen, aliandika kitabu, na alivyoiona yeye, watu wa kusini walipumbazwa na waganga na dawa ya maji. Ndivyo mambo yalivyoonekana kutoka Dar es Salaam, kwenye dawati lenye telegramu. Kisha mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuandika maneno ya wazee waliokuwa bado hai. Wanahistoria John Iliffe na Gilbert Gwassa ndio waliozifanyia kazi kubwa kumbukumbu za aina hiyo, na Gwassa alikuwa ameanza kuwahoji wazee wa Umatumbi na Kilwa kwa kazi yake mwenyewe.

Wazee walisema nini? Walizungumza juu ya mgongo. Mmoja alieleza kilimo cha pamba huko Samanga: kila kijiji kilipangiwa siku zake, kila kaya itoe mtu mmoja, na ukifika ukashainama kulima hapakuwa na kuinuka. Mgongo na makalio vilichapwa. Hebu inama hivyo ulivyo, ukiwa na jembe la mkono, usiinuke kunyoosha kiuno mpaka uambiwe. Hiyo ni siasa ya uchumi ya Wajerumani kama ilivyofika kiunoni mwa mtu.

Ukishalisikia hilo, tukio la kwanza la vita linabadilika sura. Kule Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, Julai 1905, watu hawakuanza na boma wala na Mzungu. Walikwenda shambani wakang'oa miche ya pamba. Shuleni nilidhani ni ishara tu, kama kuchana bendera. Si ishara. Kile ndicho kitu kilichowainamisha.

Hata hapo swali langu linabaki. Wazee wa 1968 walikuwa wamesimama wapi? Walikuwa wazee wa zaidi ya miaka 70, katika nchi yenye uhuru wa miaka saba tu, ambayo tayari ilikuwa imeifanya Maji Maji kuwa babu wa umoja wa taifa. Mwalimu alishaitaja vita hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Mbele yao amekaa kijana msomi na daftari. Mtu yeyote angesogeza kidogo hadithi yake ielekee daftari. Kwa hiyo anaposema "tulikuwa kitu kimoja nchi nzima" mimi nasoma kwa jicho moja. Anaposema ukishainama huinuki, nafumbua yote mawili, maana hakuna taifa linalofaidika kwa mtu kubuni maumivu ya kiuno.

Si kila aliyekuwepo ni mnyonge wala mwema. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliacha simulizi ya maisha yake kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili, na anasimulia vita vya bara kwa utulivu wa mtu anayefunga hesabu: tulipigana, wakakimbia, tukapata pembe frasila kadhaa. Kama mhasibu nakiri kwamba kurasa zake zinanitisha kwa sababu naielewa sauti hiyo. Hakuna mkosoaji wa biashara ile ambaye angeweza kuubuni utulivu wake.

Na kuna walionyamaza kabisa. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita huku kwetu, maofisa wa pande zote waliandika. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliandika, Waingereza waliandika mpaka wakachoka. Wapagazi waliobeba mzigo wa vita ile hawakuandika. Waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Tunajua kutoka ripoti za madaktari kwamba watu waliozoea ndizi au wali walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, na mwendo haukuwapa nafasi ya kuupika ukaiva. Kila nikila ugali ambao haujaiva nafikiria hilo. Ningetoa rafu nzima ya kumbukumbu za maofisa nipate kurasa tano za mpagazi mmoja akieleza jioni yake: nani alikoka moto, sufuria moja ililisha wangapi, maiti alizikwa na nani.

Nirudi kwa baba mdogo, maana bado kuna la Masaka. Mji ule ulipochukuliwa uliharibiwa vibaya, na majengo mengi yalilipuliwa na watu wetu kulipiza yaliyofanyika Kagera. Yeye aliingia na lori siku chache baadaye. Alisimama wapi? Mbele ya duka la viatu lililokuwa limeshavunjwa. Aliingia, akajaza gunia haraka haraka gizani, akalificha chini ya turubai. Alipokuja kulifungua barabarani akakuta viatu vyote ni vya mguu wa kushoto. Vilikuwa vile vya kuonyeshea wateja dirishani.

Anacheka kila akifika hapo, na wasikilizaji wanacheka. Ila hii hadithi aliniambia kwanza nikiwa peke yangu, baada ya lile swali la Lukaya, na baada ya kucheka aliongeza, "Mwenye duka lile alikuwa mtu kama baba yako tu." Baba yangu alikuwa na duka. Nusu ukurasa inasema tulimwondoa dikteta, na ni kweli, na ninajivunia. Gunia la viatu vya kushoto nalo ni kweli, na hakuna mwingine angeweza kunipa isipokuwa aliyelijaza.

Desemba hii, kama Wahaya wote, nakwenda nyumbani Krismasi. Bunazi kuna mzee aliyekuwa mgambo, ambaye mama anasema alifika mpaka Arua, kaskazini-magharibi kabisa mwa Uganda. Nilimpigia simu, nikamwamkia, nikamweleza ninachotaka. Alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, nisije mchana, mchana ana kahawa ya kuanika. La pili, mkewe awepo, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki na watoto na anamsahihisha. Nikasikia mama wa watu huko nyuma ya simu akisema kwamba hata hiyo Arua ni uongo, aliishia Jinja akiumwa tumbo.

Nimeshanunua madaftari mawili. La pili ni la huyo mama.